Ukuta Uliojengwa kwa Sare

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa kiu!

Na maji je?

— Yapo, yamefungiwa!

Basi sogeeni, niwaambie yalivyofungiwa na yalivyofunguka.

Hapo kale palikuwa na mji ukiitwa Vumbamku. Mji huo ulikuwa na visima viwili. Kimoja kilikuwa sokoni, maji yake ya chumvi, watu wakifulia na kukogea. Cha pili kilikuwa bondeni, maji yake matamu, ndiyo waliyokunywa. Katika waliokuwa hai hakuna aliyekichimba, na hakuna aliyewahi kuuliza ni cha nani.

Duka mjini lilikuwa moja tu, la Bwana Shaame. Ukitaka sukari, kwa Shaame. Ukitaka sabuni, kwa Shaame. Ukitaka sanda ya kumzika mtu wako, kwa Shaame. Siku moja Bwana Shaame akapanda minazi bondeni. Akaona kisima kiko karibu na minazi yake. Akakizungushia ua wa miti, akatia mlango, ufunguo akaufunga kiunoni.

Akasema, "Minazi yangu inywe kwanza. Yakibaki, mtateka."

Hayakubaki.

Sasa, alikuwapo mama mmoja kijana, msusi wa mikeka, jina lake Tumu. Mtoto wake, Mosi, alikuwa ametoka kuachishwa ziwa. Akimpa maji ya chumvi, mtoto anatapika. Akimnyima, mtoto analia. Kila asubuhi Tumu alishuka bondeni na mtungi, na kila asubuhi alirudi na mtungi mwepesi.

Tumu akapita nyumba kwa nyumba. "Jamani, mnakaa tu? Twendeni tukamwambie afungue."

Watu wakakubali. Wakakusanyika uwanjani, wanawake mbele, wanaume nyuma. Wakawa tayari kuondoka. Ndipo akasimama Bi Arafa. Bi Arafa ndiye aliyekuwa akichagua sare za mji. Harusi haianzi mpaka yeye aseme rangi.

"Hebu ngojeni," akasema. "Tunakwenda hivi? Huyu kaniki, yule kanga imepauka, huyu shati la kulalia! Atatuonaje? Shughuli bila sare ni shughuli?"

"Si shughuli!" wakajibu.

Na sare inauzwa wapi? Nambieni nyinyi.

— Kwa Shaame!

Kwa Shaame. Wakaenda dukani kwake, mlango umejaa.

"Karibuni, karibuni," akasema Bwana Shaame. "Mna harusi?"

"Hatuna harusi," akasema Bi Arafa. "Tunaandamana."

"Mnaandamana juu ya nani?"

"Juu yako."

Bwana Shaame akafikiri kidogo. Akashusha jora. "Ipo nyekundu. Nyekundu inaonekana kwa mbali."

Wakanunua. Wakashona. Wakaandamana. Mji mzima mwekundu, wakashuka bondeni wakiimba:

Shaame, fungua!
Maji ya mji, fungua!

Bwana Shaame alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya ua wake, anajipepea. Akasema, "Imbeni, wateja wangu, imbeni. Sauti zikikauka, tende ninazo."

Wakaimba mpaka sauti zikakauka. Wakanunua tende, wakarudi kwao.

Asubuhi Tumu alishuka bondeni na mtungi wake. Akakuta ua wa miti umeng'olewa. Akafurahi. Akasogea. Akaona mahali pa miti pamesimama ukuta wa udongo, mrefu kumpita.

Akarudi mbio. "Ameongeza! Sasa ni udongo!"

"Basi tunarudi tena," akasema Bi Arafa. "Na safari hii atatutambua. Lakini nyekundu imeshaonekana."

Hapo lazima niwaeleze nyinyi mnaotoka mbali. Vumbamku sare haivaliwi mara mbili. Ukienda kwenye shughuli ya leo na sare ya jana, watu hawakusemi, wanakutazama tu, nawe unatamani ardhi ipasuke.

Kwa hiyo, kwa Shaame tena. Safari hii kijani, na ngoma za kukodi. Wakanunua. Wakashona. Wakaandamana.

Shaame, fungua!
Maji ya mji, fungua!

"Imbeni, wateja wangu, imbeni. Sauti zikikauka, tende ninazo."

Asubuhi Tumu akakuta juu ya udongo pameongezwa ukuta wa mawe.

Mara ya tatu ikawa njano, na vilemba vya wanaume juu yake. Wakanunua. Wakashona. Wakaandamana. Wakaimba, wakakaukiwa, wakala tende.

Mosi alikuwa amekonda. Siku hizo hata kulia alikuwa halii sana. Tumu akashuka bondeni peke yake, bila mtungi. Akamkuta mwashi, Fundi Mbaruku, anapaka chokaa juu ya ngazi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Nina swali."

"Uliza."

"Mtaandamana lini tena?"

Tumu akashangaa. "Kwani wewe unataka nini na maandamano yetu?"

"Nina binti wa kuoza, mwanangu. Mkiandamana, kazi inapatikana. Udongo ule ulitokana na nyekundu. Mawe haya yametokana na kijani. Kwa hii njano bwana ameniahidi chokaa na mlango wa chuma. Tena ameniambia nisiondoke mjini, ameshaagiza zambarau ya watu wote, mpaka watoto. Ikiisha hiyo, juu huku tunatia vigae vya chupa."

Tumu aliutazama ukuta toka chini mpaka juu. Chini aliiona nyekundu. Katikati aliiona kijani. Nyimbo zao zilikuwa za kweli, na madai yao yalikuwa ya kweli. Fedha zao nazo zilikuwa za kweli, ila zilikuwa zimesimama upande wa pili.

Jioni akawaita watu. Akawaeleza alichosikia, neno kwa neno.

Bi Arafa akainuka. "Kwa hiyo makosa ni yangu? Wewe Tumu, ulitaka twende na matambara?"

"Dada Arafa, rangi ulichagua nzuri. Mimi mwenyewe nilipendeza."

Watu wakacheka. Bi Arafa naye akacheka kidogo, akakaa.

"Ninachosema," akaendelea Tumu, "tusimnunulie kitu mpaka afungue. Si nguo tu. Kitu."

"Na sukari?"

"Miwa iko shambani."

"Na sabuni?"

"Majivu."

"Na kahawa?" wakauliza wanaume.

"Kahawa mtaiota," akasema Tumu.

Msidhani ilikuwa rahisi. Maneno ni mepesi uwanjani, lakini duka liko njiani, na mlango wake wa nyuma uko wazi. Siku za mwanzo Tumu alimkuta Bi Arafa mwenyewe pale nyuma, ametia kitu kwenye kanga.

"Dada Arafa. Nini hicho?"

"Udi kidogo tu. Nina wageni."

"Wageni gani?"

"Wa mume wangu."

"Dada, hilo ni jiwe. Wampelekea Fundi Mbaruku akalipandishe juu."

Bi Arafa akatazama chini. Akageuka, akaingia dukani, akaurudisha udi juu ya meza. Toka siku hiyo yeye ndiye aliyekaa pale mlango wa nyuma, na kigoda chake na ulimi wake. Nani angepita?

Basi dukani hakuingia mtu. Sukari ikashikana ikawa mwamba. Tende zikaingia wadudu. Zambarau ikafika, majora kwa majora, yakajaa mpaka Bwana Shaame akawa analala juu yake. Alikuwa ametia kila alichokuwa nacho katika nguo ile. Fundi Mbaruku hakupata ujira, akafunga zana zake. Na bondeni watu hawakwenda tena. Hakuna ngoma, hakuna wimbo. Bwana Shaame akakaa kwenye kiti chake mbele ya ukuta, anasikiliza. Kimya.

Mwisho hakuweza. Akaenda mwenyewe nyumbani kwa Tumu.

"Hodi!"

"Karibu, baba."

"Mwanangu, mmekasirikia nini?"

"Hatuna hasira, baba."

"Mbona hamuandamani?"

Mnacheka? Mtu aliuliza hivyo, na hakuwa anatania.

"Tumechoka kuandamana," akasema Tumu. "Watu sasa wanatamani shangwe."

"Si wafanye! Zambarau ninayo, nzuri, haichuji!"

"Washangilie nini, baba? Mji hauna jambo la kushangilia."

Bwana Shaame akashika ndevu. Akafikiri. Tumu akawa anasuka mkeka wake, hainui kichwa.

"Kisima kikifunguliwa," akasema Bwana Shaame taratibu, "watu watashangilia?"

"Mji mzima, baba. Watacheza mpaka vumbi liwafunike."

"Na kushangilia huko... kuna sare?"

"Wewe umezaliwa hapa. Uliona wapi shughuli ya Vumbamku isiyo na sare?"

Macho ya Bwana Shaame yakang'aa. Akajumlisha wanawake, akatia wanaume, akatia watoto. Akainuka.

"Ila ule mlango ni mwembamba," akasema Tumu. "Ngoma haitapita."

"Nitavunja ukuta!"

"Na watu hawatakuamini mpaka wasikie kwa kinywa chako."

"Nitasema Ijumaa, mbele ya watu wote!"

Na kweli. Ijumaa baada ya sala akasimama mbele ya watu wote, akasema kisima cha bondeni ni cha mji, leo na kesho, cha wazee na cha watoto, na yeye Shaame hana dai. Wazee wakashuhudia. Fundi Mbaruku akaitwa, akavunja mawe, akavunja udongo, akatupa mlango wa chuma kwenye majani. Bwana Shaame akakimbia dukani, akafungua milango yote miwili, akapanga zambarau nje, akashika mkasi.

Akangoja.

Watu wakatoka majumbani. Akawaona wanakuja, wanawake mbele, wanaume nyuma. Akainua mkasi. Wakamfikia. Wakampita. Huyu na kaniki, yule na kanga iliyopauka, huyu na shati la kulalia. Kila mmoja na mtungi au ndoo kichwani.

"Jamani!" akaita. "Sare! Zambarau!"

Bi Arafa akasimama, ndoo kichwani, mkono kiunoni.

"Bwana Shaame, tunakwenda kuteka maji. Uliona wapi mtu anajipamba kwenda kisimani?"

"Lakini Tumu alisema shangwe!"

"Itakuwapo," Tumu akasema. "Tukishakunywa."

Wakashuka bondeni. Tumu akateka, akachota kwa kata, akamnywesha Mosi. Mtoto akanywa, akapumua, akashika kata kwa mikono miwili, akanywa tena. Mama yake akakaa chini pale pale kwenye matope, asijali nguo.

Jua lilipoanza kushuka akaja mtu mmoja, hana kiti, hana ufunguo, ana ndoo. Maana juu ya majora hakuna maji, na minazi yake ilikuwa imelegea kwa kukosa wa kuinywesha. Watu wakamtazama. Mmoja akataka kumfukuza.

"Mwacheni," akasema Tumu. "Kisima ni cha mji. Baba Shaame, shika foleni, nyuma ya Fundi Mbaruku."

Akashika foleni.

Basi mimi nilipita njia ile, wakanipa kata moja, nikanywa, nikaja kuwasimulia. Hadithi yangu ninaitua hapa. Utamu wake mgawane, chumvi yake niachieni.

— Tumegawana!