Picha ya Bomba la Mlondo

Hapo zamani, na si zamani sana, maana wote nitakaowataja wangali hai na nikikosea watanisahihisha, palikuwa na mwanamke wa vilima vya Taita aliyeitwa Mghoi. Kazi yake ilikuwa kuponda kokoto. Aliponda asubuhi, akaponda mchana, na jioni akirudi nyumbani vidole vilikuwa vimekakamaa hata sindano haishikiki.

Machimbo alimofanya kazi yalikuwa ya kampuni kubwa, juu kidogo ya kijito cha Mlondo. Kijito hicho ndicho kilichonywesha kijiji kizima. Mwaka ule maji yakaanza kuja meupe kama uji. Mbuzi wakanywa, wakafa. Watoto wakaoga, wakajikuna hadi damu. Mama yake Mghoi akatokwa na vidonda mikono yote miwili, akawa hawezi hata kujifunga leso.

Wanakijiji wakateremka Voi kwa afisa wa mazingira. Afisa akaiandikia kampuni. Kampuni ikajibu: maji yetu machafu hukaa ndani ya bwawa letu, hayatoki. Wakateremka tena. Kampuni ikajibu vilevile. Mara ya tatu afisa akawaambia, "Wazee wangu, mimi nawaamini. Lakini kila nikienda kule huwa wamejua mapema, nafika nakuta pakavu. Nileteeni kitu cha kushika mkononi."

Sasa Mghoi alijua pale pakavu hulowa saa ngapi. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ungali umelala, pampu iliwashwa nyuma ya rundo la vifusi, na bomba nene likatapika maji ya mawe moja kwa moja kijitoni. Alikuwa ameliona kwa macho yake. Ila wafanyakazi wote waliacha simu zao langoni, na neno la mponda kokoto mbele ya neno la kampuni, mwajua wenyewe uzito wake.

Akaenda sokoni kwa Mkawasi.

Mkawasi alikuwa mpiga picha. Alipiga za vitambulisho, za harusi, za maziko. Zamani alikuwa na kamera kubwa ya kuning'inia shingoni kama jiwe la kusagia. Akaiuza, akanunua mtumba wa hizi ndogo za kisasa, zisizo na kioo ndani, zinazoenea kiganjani. Wapiga picha wenzake walimcheka mpaka wakachoka. "Dada, hiyo ni kamera au kibiriti?" Naye aliwajibu, "Subirini picha, kisha mcheke."

Mghoi akamweleza shida yake. Mkawasi akasikiliza, akaitoa kamera, akaiweka mezani.

"Ukiivunja hii," akasema, "mimi na wanangu tumelala njaa."

"Basi usinipe, dada."

"Nani amesema sikupi? Nimekwambia ujue tu unabeba nini. Keti nikufundishe."

Akamfundisha siku tatu. "Kamera hii nimeizima sauti, ukibonyeza hutasikia hata mguno. Unachokiona kwenye skrini ndicho utakachokipata. Ukiona giza, zungusha gurudumu hili mpaka pang'ae. Mkono ukitetemeka usihofu, ndani mna kitu kinachoituliza picha. Lakini ina vituko vyake. Hula betri kama mtu aliyetoka kwenye homa, na baridi ndiyo inaimaliza kabisa. Ya pili iweke kifuani ipate joto. Na hiki kijicho kilicho juu ya skrini, umekiona? Kitu chochote kikikisogelea, kamera hudhani umeweka jicho lako hapo, nayo inazima skrini. Usije ukadhani imekufa."

Mghoi akajifunza kwa kupiga kuku. Kuku wa kwanza hakuwa na kichwa. Wa pili alikuwa mkia mtupu. Siku ya tatu akapiga jogoo mzima, na jicho lake likionekana.

Siku ya nne akaifunga kamera katika mfuko wa nailoni, akaitia ndani ya hotipoti, chini kabisa, akafunika kwa kisahani, juu yake akapakua kimanga cha jana, muhogo na maharagwe yaliyopondwa, kilichopoa, maana joto lingeidhuru. Akashika njia.

Langoni alikuwapo Mwadime, askari wa kampuni kwa miaka kumi na moja. Aliishi na watoto wake sita katika nyumba ya kampuni, hatua chache kutoka lango lile. Kazi yake ilikuwa kupekua mizigo. Akafunua hotipoti ya Mghoi. Akagusa kimanga kwa ncha ya kijiko.

"Cha baridi," akasema.

Akamtazama Mghoi.

"Mtu huamka saa kumi na moja, akatia chakula cha baridi ndani ya hotipoti?"

Akakisukuma kimanga kando kwa kijiko. Kisahani kikaonekana. Akakiinua kidogo, akachungulia, akakirudisha. Mwadime akakitandaza kimanga kama kilivyokuwa, akafunga kifuniko, akampa kibati chake cha namba.

"Pita, mama. Watu wanangoja nyuma yako."

Mghoi akapita. Akazunguka nyuma ya vifusi, akajibanza. Ukungu ulikuwa mzito, baridi ya kuingia mifupani. Pampu ikawashwa, feni ya kuipoza ikanguruma, bomba likatapika. Akainua kamera. Skrini ikawa nyeusi.

Akabonyeza, ikabaki nyeusi. Ndipo akaona leso yake, aliyojifunika kichwani, imening'inia mbele ya kile kijicho. Akaisukuma nyuma, na skrini ikawaka. Giza, akazungusha gurudumu mpaka pakang'aa. Akabonyeza mara moja, mara mbili, na hapo kamera ikazima kweli, betri imekwisha. Akatoa ya pili kifuani, yenye joto lake mwenyewe, akaitia. Akapiga bomba. Akapiga pampu na feni yake. Akapiga maji meupe yakiingia kijitoni, na nyuma yake bango la kampuni lenye jina zima. Hatua kumi kutoka alipojibanza, fundi wa pampu alikuwa akijisaidia ukutani, amempa mgongo, wala hakusikia kitu.

Lakini alipotoka nyuma ya vifusi, nyapara akamwona. Hakujua alikuwa akifanya nini, ila alijua kwamba pale si mahali pake. Akamwita meneja, na meneja akaamuru wapondaji wote watolewe mmoja mmoja langoni, wapekuliwe mbele yake.

Wakiwa kwenye foleni, Mghoi akafungua mlango wa kamera, akachomoa kadi inayohifadhi picha, ndogo kama ukucha. Zamu yake ikafika. Mwadime akanyoosha mkono, "Kibati." Mghoi akampa kibati, na chini ya kibati, kadi. Walitazamana. Mwadime akakitundika kibati msumarini, akajipangusa mdomo kama mtu aliyekunywa chai.

Meneja akaipata kamera ndani ya hotipoti. Akaifungua, akaona tundu tupu.

"Kadi iko wapi?"

"Kadi gani?" akajibu Mghoi. "Kadi ya kliniki?"

Wakampekua hadi kwenye nywele. Wakampekua Mwadime pia, mifuko, kofia, viatu. "Wewe ndiye uliyemruhusu kuingia na kitu hiki?" meneja akamfokea. Mwadime akatikisa kichwa. "Umekuwa bubu?" Mwadime akaitikia kwa kichwa, ndiyo, nimekuwa bubu. Kadi ilikuwa chini ya ulimi wake.

Meneja akaiweka kamera juu ya jiwe, akachukua nyundo ya wapondaji, akaipiga mara tatu. Kisha akawafukuza kazi wote wawili papo hapo, na jua halijapanda vizuri watoto sita wa Mwadime walikuwa wamekaa juu ya magodoro kando ya barabara.

Mghoi alipompelekea Mkawasi vipande vya kamera katika leso, Mwadime akiwa nyuma yake, hakujua pa kuanzia. Mkawasi akavitazama. "Kadi je?" Mwadime akaitoa mfukoni. Mkawasi akaifumbata, akasema, "Basi twendeni Voi."

Afisa akaita kikao, akaita na kampuni. Kampuni ikaja na wakili. Wakili akaitazama picha iliyokuwa nzuri kupita zote, yenye bomba, maji, bango na pampu, akacheka.

"Mheshimiwa, picha hii imetengenezwa. Tazama feni ya pampu. Feni ina mapanga yaliyonyooka. Hapa yamepinda kama mundu! Nani amewahi kuona feni ya namna hii? Aliyechezea feni amechezea na maji."

Wanakijiji wakainamisha vichwa. Mghoi akaitazama picha, na kweli, mapanga yalikuwa yamepinda. Yeye aliyeipiga hakujua kwa nini.

Mkawasi akasimama. Mkononi alikuwa na kamera ndogo aliyoiazima kwa mpiga harusi wa pale Voi.

"Mheshimiwa, naomba feni yako hiyo ya darini iendelee kuzunguka."

Akaielekeza juu, akabonyeza. Hakuna aliyesikia kitu. Akampelekea afisa skrini. Afisa akatazama picha, akatazama dari, akatazama picha. Mapanga ya feni ya ofisi yake yalikuwa yamepinda kama mundu.

"Kamera hizi ukizizima sauti," Mkawasi akasema, "haziioni picha yote kwa mkupuo. Huisoma mstari kwa mstari, toka juu hadi chini. Kinachokwenda mbio huwa kimeshasogea kabla hazijamaliza, kwa hiyo hutoka kimepinda. Mapanga yale hayakupindwa na mtu. Yanaonyesha kwamba pampu ilikuwa inafanya kazi. Bwana wakili, kama pampu yenu haiwashwi, feni ile ilikuwa ikizungushwa na nani?"

Wakili akakusanya karatasi zake.

Afisa akaamuru bomba ling'olewe, na likang'olewa wiki ile ile. Kampuni ikalazimishwa kuleta maji safi na dawa. Mwezi haukuisha, mama yake Mghoi akajifunga leso mwenyewe.

Hadithi ingeishia hapo tukalala. Lakini chama cha wapiga picha cha Mombasa kilisikia habari ile. Wakataka kuitundika picha ukutani katika maonyesho yao, na wakatuma zawadi: kamera mpya, ndogo vilevile, ndani ya sanduku lake. Na barua. Barua ilisema, "Kamera hii ni ya mwenye picha. Tuandikieni jina lake, jina moja, tuliweke chini ya picha."

Kijiji kikakusanyika shuleni. Sanduku likawekwa mezani.

Mwalimu mkuu akasema labda watatu hawa wagawane. Mkawasi akamkatiza. "Mwalimu, studio yangu imefungwa tangu siku ile. Kamera iliyopondwa ilikuwa yangu. Mafunzo yalikuwa yangu. Na siku wakili alipoicheka, ninyi nyote mlikuwa mmeinamisha vichwa. Nisingesimama, picha ile ingekuwa karatasi ya kufungia chumvi. Mwenye picha ni mimi, na sioni haya kusema."

Mwadime akasimama. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Hawa dada wawili walipanga wenyewe, kila mmoja alijua anakokwenda. Mimi sikupanga na mtu. Niliona kamera kwa ghafla, na kwa muda wa kufunga kifuniko nikawaweka watoto sita barabarani. Picha ni ile kadi. Kadi ilikaa kinywani mwangu, meneja akinipigia kelele usoni. Sijui kupiga picha. Lakini ningetema, au ningemeza, mngekuwa bado mnakunywa uji wa mawe. Andikeni Mwadime."

Watu wakamgeukia Mghoi. Aliwapenda wote wawili, na kila walilolisema lilikuwa kweli. Angeweza kunyamaza, akaitwa mwanamke mwema. Lakini jina lake halikuwahi kuandikwa popote ila katika daftari la wapondaji, nalo huko walilikosea.

"Dada, ulinifundisha, nakushukuru," akasema. "Baba, ulinifichia kadi, nakushukuru. Lakini pale nyuma ya vifusi nilikuwa peke yangu. Skrini ilipozima, hamkuwapo. Jicho lililoliona bomba ni hili. Kidole ni hiki. Ningekimbia, nani angenilaumu? Sikukimbia. Picha ni yangu, na nalitaka jina langu ukutani."

Wakakaa, kila mmoja amekunja mikono, hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. Mwalimu mkuu akaishika kalamu, akaiweka chini. Akaishika tena. Mpaka leo mstari wa jina katika barua ya kujibu uko mtupu.

Haya, ninyi mlionisikiliza, kalamu nawapa ninyi. Je, mwenye picha ni nani: aliyeitoa kamera na kuitetea picha, aliyeibonyeza, au aliyeificha? Mngeandika jina la nani?