Ahadi ya Kagongwa

Mbachao ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako, na ndio unaoulalia. Msala unaopita ukiwa begani mwa mwenzio hupendeza macho, ila hujui utatandikwa kwa nani. Makoye wa Geita aliyaelewa haya maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Makoye alikuwa dereva wa lori la kubeba mawe ya dhahabu kutoka shimoni hadi kinuni. Mshahara wake ulimtunza yeye na mkewe Mbuke, ukalipa na karo ya binti yao wa pekee, Generosa, aliyesoma kwa masista wa misheni ya Ushirombo. Msichana huyo alikuwa na akili kama wembe, na masista walisema atafaa kuwa mwalimu.

Siku moja tajiri aliyefungua kinu cha pamba huko Kagongwa aliharibikiwa na gari njiani. Makoye alilitengeneza likanguruma. Tajiri akamvuta kando.

"Njoo kwangu," alimwambia. "Utaanza kama msaidizi wa mitambo. Mshahara ni nusu ya huo unaopata, lakini msimu ujao wewe ndiye fundi mkuu, na nyumba ya bati juu."

Maneno hayo yalimlewesha Makoye kama pombe ya mtama. Mbuke hakufurahi.

"Baba Generosa, huyo bwana umemjua lini?"

"Nizeeke nikila vumbi la mawe? Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Haya, inama. Na Generosa je, ainame pia?"

Makoye alimwachia lori Donatus, utingo wake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha udereva. Kisha akahamia Kagongwa na mkewe.

Huko alifanya kazi kama punda. Alipaka mitambo grisi, akafunga mikanda iliyokatika, vumbi la pamba likimkwangua kifua. Lakini karo haikufika Ushirombo. Masista walivumilia hadi wakachoka, Generosa akarudi nyumbani na sanduku lake kichwani.

"Nitarudi lini shuleni, baba?"

"Msimu ukifunguliwa, mwanangu."

Msimu ulifunguliwa. Mpwa wa tajiri akafika kwa basi kutoka Tabora, akakabidhiwa ufundi mkuu.

"Bwana, na ahadi yetu?" Makoye aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilisema, sikatai," tajiri alijibu. "Lakini huyu ni mtoto wa dada yangu. Nimpeleke wapi?"

Makoye alirejea Geita kichwa chini. Nafasi ya udereva haikuwepo. Donatus alimwombea kwa msimamizi, akapewa kazi ya utingo kwenye lori lile lile alilokuwa akiliendesha. Donatus hakumcheka. Kila asubuhi alimwambia, "Shikamoo, mzee," na heshima hiyo ilimchoma Makoye kuliko tusi.

Huko Ushirombo nafasi ya Generosa ilikwisha kujazwa. Mwaka uliofuata aliposwa na mfuga ng'ombe wa Maganzo, naye hakukataa wala hakutabasamu. Ng'ombe wa mahari walipoingia uani, wageni walipiga vigelegele. Makoye alisimama kando, hakuwatazama ng'ombe hao.

"Angekuwa mwalimu," alimnong'oneza mkewe.

"Angekuwa," Mbuke aliitikia, akaenda kuwapakulia wageni.

Makoye alibaki na majuto yake, akiwa shahidi kwamba wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao.