Jamvi la Mkuu Nyati

Ilikuwa Jumanne, mwezi kumi na nne Shaaban, saa nne za asubuhi, kisima cha Bonde la Mkole kilipotoa tope badala ya maji. Ni zamani, wanangu, zamani za wanyama kuwa na nyumba na majiko, wakizika wafu wao na kumwomba Mungu kama sisi. Kaeni vizuri. Nitasimulia polepole, maana hadithi hii siwezi kuikimbiza.

Mkuu wa bonde alikuwa Nyati. Alikaa juu ya jamvi la baraza, na jamvi lile halikununuliwa sokoni. Kila ukoo ulisuka kipande chake cha ukili, kisha vipande vyote vikashonwa pamoja kuwa jamvi moja. Kipande cha ukoo wa Nguchiro, kwa kuwa wao ndio wadogo kuliko wote, kiliwekwa katikati, kisichakazwe na miguu ya wakubwa.

Tena kulikuwa na kiapo. Hapo nyuma zaidi maji yalipokauka, kila ukoo ulihama kivyake, na simba wakawamaliza njiani. Waliosalia wakaapa kwa jina la Mungu kwamba hakuna atakayevuka milima kabla mkuu hajainuka jamvini. Mkuu akiinuka, jamvi linakunjwa na wote wanaondoka pamoja. Wakifika kwenye maji mapya, jamvi linatandikwa tena, na anayelikalia ni yule watakayemchagua siku hiyo.

Hapo kwenye kuchagua ndipo Nyati alipokwama.

Twiga, msaidizi wake, alimwendea siku ileile. Akamweleza kwamba shingo yake imeona ng'ambo ya milima, na mto wa huko bado unang'aa. Nyati akamjibu kwamba mvua iko njiani, ameiota. Twiga akarudi kwake. Mvua haikuja. Nyati hakuijua kiu, kwa sababu maji kidogo yaliyochujwa kwenye tope yalipelekwa kwake kwanza. Ngiri, mpishi wake, ndiye aliyeyabeba.

Wengine walianza kuzika. Walizika wazee kwanza, kisha watoto. Baada ya kila maziko walipita barazani kumwomba mkuu ainuke, naye aliwapa pole na kuwaombea marehemu, kwa sauti nzuri, akiwa amekaa.

Twiga akarudi, safari hii na kisu kidogo cha kufumulia.

"Mkuu," alisema, "ninaondoa kipande chetu. Aibu ikikupata, utainuka."

"Chukua," Nyati akasema. "Jifunge shingoni. Sijui kama kitazunguka hata mara moja."

Walikuwepo waliocheka, midomo imewapasuka kwa ukavu. Twiga akafumua ukingo wa jamvi, kwach, kwach, kwach, akakiviringisha kipande chao, akaenda zake. Kesho yake alikuja Punda Milia akafumua cha kwao. Akaja Tembo. Kila kipande kilipoondoka, Nyati alikunja miguu kidogo zaidi. Walidhani wanamwaibisha. Hawakujua kwamba mtu anaweza kuizoea aibu kama anavyozoea kiatu kinachobana.

Wa mwisho katika wakubwa alikuwa Ngiri. Aliingia bila mtungi.

"Mkuu, nimekupikia tangu pembe zako hazijakutana. Leo nimekuja kuaga."

Nyati alimtazama mikononi. Kisha akauliza, "Na maji yangu nani ataleta?"

Ngiri akafumua kipande chake huku machozi yanamtoka.

Sasa jamvi lote lilikuwa kipande kimoja tu, cha katikati, na Nyati mzima amejikusanya juu yake. Kipande hicho kilikuwa cha Nguchiro. Alikuwa mjane, mwili wake haufiki hata ukwato wa Nyati, na alikuwa na mtoto mmoja, Mashavu. Mashavu alikuwa amelala karibu na jiko lisilo na moto. Jana yake alilia bila machozi. Leo hakulia.

Nguchiro alikwenda kukidai kipande chake. Akavuta. Akavuta tena. Angevutaje, na mlima umekaa juu yake?

"Binti," Nyati akamwambia, "wewe ndiye umenibakia. Mradi kipande hiki kipo chini yangu, mimi ni mkuu. Nitakufa nacho."

Nguchiro akarudi nyumbani. Akakaa karibu na mtoto, akamwomba Mungu ampe akili, kwa kuwa nguvu hakumpa. Alipomaliza aliinuka akapita nyumba kwa nyumba: kwa Twiga, kwa Punda Milia, kwa Tembo, kwa Ngiri. Aliwaomba kila mmoja kipande chake. Wengine walimshuku, wakasema ametumwa na Nyati. Twiga peke yake ndiye aliyemwuliza anataka kukifanyia nini. Alipoelezwa alimpa, akawashawishi wenzake nao wakampa.

Saa tisa alasiri Nguchiro aliingia barazani, amejitwisha vipande mpaka haonekani, na mkononi ana sindano kubwa ya kushonea majamvi.

"Mkuu, nimekuletea jamvi lako."

Nyati aliinua kichwa. Midomo yake nayo sasa ilikuwa imeanza kupasuka. "Wamerudi?"

"Vihesabu mwenyewe."

"Hata cha Twiga?"

"Hicho kirefu hapo juu ni cha nani?"

Nyati akakinusa kile kipande. "Nilijua," akasema taratibu. "Nilijua hawawezi bila mimi. Lakini wewe ni mjanja, nyinyi wadogo wote ni wajanja. Apa kwamba hukuviiba."

Nguchiro alikuwa mcha Mungu, hakutaka kuapa uongo. Akasema, "Naapa kwa Mwenyezi Mungu, kila mwenye kipande amenipa kwa mkono wake, tena kwa moyo wake."

Na hilo lilikuwa kweli.

Nyati akaridhika. "Basi shona."

Nguchiro akapiga magoti, akachoma sindano. Uzi ukakatika, tap. Akatunga tena. Ukakatika.

"Una nini?" Nyati akauliza.

"Jamvi lililokaliwa halishoneki, mkuu. Limevutika. Mama yako hakuwa akikufukuza jamvini anaposhona?"

Nyati alikumbuka. Mama yake alikuwa akimfukuza kwa ufagio. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu Shaaban ilipoandama.

"Nitainua upande mmoja."

Akainua upande mmoja. Nguchiro akashona mshono, akatikisa kichwa, akasema umekwenda upogo, na wajumbe wa koo wakija kukaa watamcheka mkuu wao. Nyati akatazama huku na huku. Baraza ilikuwa tupu.

"Haraka, basi," akanong'ona. "Kabla hawajaniona."

Akasimama.

Nguchiro hakushona. Alikivuta kipande chake, fyuu, akakikunja pamoja na vingine. Ng'ambo ya ua shingo ndefu ikachomoza, na sauti ya Twiga ikapaa juu ya bonde: "Kainuka! Mkuu kainuka!"

Puu! Nyati akakaa upesi. Lakini alikaa kwenye udongo.

"Nimekaa," akasema. "Jamani, nimekaa tena. Hamnioni?"

Nguchiro alisimama mlangoni na mzigo wake. "Umekaa chini, mzee. Twende nasi. Kwenye maji hatutakunyima."

"Sitoki kwenye baraza yangu," Nyati akasema.

Nguchiro hakuwa na muda wa kumbembeleza. Alimpa Twiga vipande, akamfunga Mashavu mgongoni, na bonde lote likatoka kwa pamoja, kiguu na njia, kama kiapo kilivyosema. Njiani walimsifu mjane yule. Tembo alisema wakifika jamvi litatandikwa kwa Nguchiro, na wote wakaitikia. Yeye alikuwa akiongea na mtoto tu, akimwambia mto si mbali, avumilie, unasikika ule.

Walifika jua likizama. Nguchiro aliingia majini mpaka magotini, akamteremsha mtoto, akateka maji kwa kiganja na kuyatia mdomoni mwa Mashavu. Maji yakatoka pembeni mwa mdomo. Akateka tena. Yakatoka tena.

Wenzake walikuwa wanakunywa. Mmoja mmoja wakaacha.

Jamvi lilishonwa upya, lakini Nguchiro hakulikalia. Alikatalia kaburini kwa Mashavu. Na barazani kule bondeni, waliorudi baada ya mvua walikuta mifupa imekaa pale pale.

Wanangu, anayeng'ang'ania ukuu watu wakifa, hata akishindwa hakuna aliyeshinda.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mashavu, amnyweshe maji ambayo hataona kiu tena baada yake. Awarehemu waliozikwa Mkole, na Nyati pia, kwa kuwa rehema ni Yake si yetu. Na wetu waliotutangulia, ambao tulifika na maji wakiwa wameshakwenda, awapokee kwa wema. Amin.