Waziri na Uji wa Mama Otsune

Mshika hazina, onja uji kwanza. Mmemsikia mjomba wenu akisema hivyo leo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza uji na hazina vinahusiana vipi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika nyanda za theluji za Japani, alikuwako yatima aitwaye Sadakichi Moriwaki. Alilelewa na jirani yake Otsune, mjane aliyelima mpunga, akamsomesha kwa kusuka na kuuza viatu vya majani makavu. Sadakichi akawa karani wa forodha, akapanda cheo baada ya cheo hata akawa waziri wa fedha. Kila jimbo lilikuwa na sarafu yake. Yeye akaifanya nchi nzima itumie moja. Tena akaamuru kodi ya shamba, ambayo watu walizoea kuitoa kwa mpunga, ilipwe kwa fedha taslimu mara tu baada ya mavuno. Hazina ikajaa, naye akasifiwa.

Mwaka wa tatu alikwenda kijijini kumshukuru mlezi wake. Otsune alimpokea kwa furaha, akamwandalia uji wa mtama uliochanganywa na majani ya figili. Moriwaki alishangaa, maana mavuno yalikuwa yamekwisha juzijuzi tu.

"Mama, mpunga haukustawi?"

"Ulistawi sana. Ila sote tunauza wakati mmoja tupate fedha ya kodi, na wachuuzi wanalijua hilo. Bei wanapanga wao. Nimeuza wote."

"Mbona hukuniandikia?"

"Ningeandika nini, mwanangu? Kwamba niliyemlisha ananinyima chakula?"

Waziri aliumaliza ule uji bila kuinua uso.

Aliporudi mjini aliliomba baraza lipunguze kodi, na wakulima waruhusiwe kulipa kidogo kidogo hadi theluji iyeyuke. Wenzake walimwonya kwamba anajichimbia kaburi. Na kweli, mwaka uliofuata aliondolewa. Lakini sheria ilikuwa imekwisha kupita.

Baada ya majira ya baridi ambamo walikula wali wao wenyewe, wakulima walifunga safari hadi nyumba ya kupanga alimokaa, Otsune akiwa mbele, wakamshukuru. Moriwaki aliinama mbele ya yule mama.

"Mshukuruni huyu," aliwaambia. "Mimi nilijua hesabu tu. Njaa yenu nilionjeshwa naye."

Tangu hapo, kila ofisa wa kodi aliyepelekwa jimbo lile alikaribishwa chakula kabla ya kufungua daftari, na mwenyeji humwambia kwa upole: mshika hazina, onja uji kwanza.