Kamba ya Tembo Yenye Mafundo Sitini na Manne

Nani amecheka? Wewe wa nyuma, mwenye shati lisilo na vifungo. Nimesema pimbi na tembo ni ndugu, na wewe umebana kicheko puani. Umewahi kumshika pimbi mguu ukatazama kucha zake? Hujawahi. Umewahi kumfungua mdomo ukatazama meno? Hujawahi. Basi nyamaza. Anayecheka kabla hajaambiwa jambo hana tofauti na Fisi nitakayemtaja sasa hivi, na siku ilipoisha Fisi huyo hakuwa na hamu ya kucheka.

Haya. Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wanapika, wanafagia nyua na kugombana na majirani kama sisi, mvua iligoma. Ikagoma mwaka wa kwanza, ikagoma wa pili. Mito ikabaki mchanga mtupu. Ikasalia chemchemi moja chini ya jabali, na mkubwa wa chemchemi alikuwa Tembo, kwa sababu alikuwa amekaa mlangoni na hakuna aliyeweza kumwambia asogee.

Maji yaligawiwa kwa kamba. Kila nyumba ilikuwa na kamba yake imetundikwa pale chemchemini, na kila fundo katika kamba lilikuwa kibuyu kimoja cha maji kwa wiki. Kamba ya Tembo ilikuwa na mafundo sitini na manne. Nyumba ndogo zilikuwa tisa, na kila moja ilikuwa na mafundo kumi na sita. Mojawapo ilikuwa ya Bi Pimbi, mjane mwenye watoto watatu.

Mwenye kutunza kamba alikuwa Fisi. Alijiita Karani. Alichomeka kalamu sikioni, na mpaka leo hakuna aliyemwona akiandika nayo.

Siku moja ya soko Fisi akapanda juu ya jiwe.

"Ndugu wananchi! Mafundo ya kamba ndogo yamelegea. Yakifunguka yenyewe mtapoteza maji. Basi kila siku ya soko nitakaza kamba. Nitapunguza asilimia hamsini, hapo hapo nitaongeza asilimia hamsini. Mnarudi pale pale mlipokuwa!"

"Asilimia ndiyo mdudu gani?" akauliza Kobe.

"Hesabu ya wakubwa. Wewe endelea kutembea, utafika."

Kwi kwi kwi! Wote wakamcheka Kobe, na hakuna aliyeuliza tena. Sisi tulioishia darasa la nne tunajua: asilimia hamsini ni hamsini katika kila mia, yaani nusu. Lakini neno likiwa refu watu huogopa kulifungua ndani.

"Na kamba ya Mzee Tembo?" akauliza Bi Pimbi.

"Ya Mzee haijalegea," akasema Fisi.

Akaanza kazi. Fyu, fyu, fyu, akafungua. Kacha, kacha, akafunga. Akitoa, fundo linahamia kwenye kamba nene aliyoiita kamba ya akiba. Akirudisha, anachukua huko huko. Jua halijafika utosini, kazi imekwisha.

Bi Pimbi akachukua kamba yake, akahesabu. Kumi na mbili. Akahesabu tena kutoka upande wa pili. Kumi na mbili.

"Bwana Karani, nilikuwa na kumi na sita."

"Nimepunguza ngapi?"

"Asilimia hamsini."

"Nimeongeza ngapi?"

"Asilimia hamsini."

"Hamsini ukitoa hamsini?"

"Sifuri, lakini..."

"Mwenye kamba inayofuata!"

Jirani yake, Bi Kanga, akamvuta pembeni. "Shoga, usituletee mkosi. Hamsini imetoka, hamsini imerudi. Hata kifaranga wangu anaijua hiyo. Labda ulihesabu vibaya zamani."

"Na wewe una ngapi?"

"Mimi sihesabu," akasema Bi Kanga. "Nikihesabu nitakosa raha."

Bi Pimbi akaenda nyumbani na vibuyu kumi na viwili. Yeye na watoto ni vinywa vinne, kila kinywa vibuyu vitatu kwa wiki. Vinatosha kunywa tu. Kupika, wakapika mizizi kwa mvuke wa machozi, kama mnapenda niseme hivyo. Mimi nasema walikula mibichi.

Siku ya soko ikarudi. Fyu, fyu. Kacha, kacha. Bi Pimbi akahesabu. Tisa.

Tisa! Gawanya mwenyewe. Vinywa vinne, vitatu kila kimoja, ni kumi na viwili. Ukiwa na tisa, kinywa kimoja hakinywi. Sasa ni kinywa cha nani? Cha mkubwa? Cha wa kati? Cha kitinda mimba, ambaye alikuwa na homa na ulimi mweupe kama chaki?

Akaamua kiwe chake. Siku ya kwanza akajikaza. Siku ya pili akalamba umande. Siku ya tatu, akiinama kumfunika mtoto, pango likazunguka, puu! akaanguka. Watoto wakamzunguka.

"Mama! Mama, kunywa hiki!"

"Hicho ni cha nani?"

Kila mmoja alikuwa amenyoosha cha kwake.

Hapo akaanza kuwaza ya mbele. Siku ya soko ilikuwa imekaribia. Akipoteza mafundo mengine, hata akijikausha yeye kama ngozi, mmoja wa watoto hatakunywa. Na akifa yeye, nani atakwenda kusimama mbele ya Tembo?

Akanywa mafunda mawili, akaenda kuchukua kunde. Akazipanga sakafuni, kumi na sita.

"Anatoa nusu," akajisemea. "Nane zimetoka, nane zimebaki. Anarudisha nusu. Nusu ya nini?" Akatazama. "Ya zilizobaki! Nne tu! Mwizi mkubwa! Anachukua nusu ya fungu nene, anarudisha nusu ya fungu jembamba!"

Alitaka kukimbilia chemchemini kupiga kelele. Akajizuia. Apige kelele kwa nani? Kwa Tembo anayeoga maji hayo hayo ya akiba kila asubuhi? Chubwi, chubwi, mpaka masikio.

Akakaa. Akazipanga kunde upya, na safari hii akaanza kwa kuongeza. Kumi na sita, ongeza nusu, ishirini na nne. Punguza nusu. Kumi na mbili.

Akarudia, maana hakuamini macho yake. Kumi na mbili zile zile.

"Ala!" akasema taratibu. "Kwa hiyo mlango wowote utakaoingilia, unatokea shimoni."

Siku ya soko akafika wa kwanza. Fisi alikuwa anapasha vidole vyake joto. Tembo amekaa mlangoni, maji yanamchuruzika tumboni.

"Kabla hujaanza, Bwana Karani," akasema Bi Pimbi, "mimi nina aibu ya kuzungumza na kaka yangu mkubwa."

"Kaka yako nani?" Tembo akauliza.

"Wewe, Mzee. Ukoo ni ukoo, hata kama mmoja amechukua mwili wote. Watu wanasema maneno. Wanasema kamba zetu zimekazwa mara mbili na ya mkubwa wetu haijakazwa hata mara moja. Wanasema siku moja mafundo ya Mzee yatafunguka yenyewe, na sisi tuliokazwa tutakuwa tumemtazama tu."

Tembo akapeperusha masikio. Fwap! Hakupenda habari ya mafundo yake kufunguka.

"Karani. Ni kweli?"

Fisi akababaika. "Mzee, kukaza kule... kule ni kwa wadogo..."

"Kuna ubaya gani?" Bi Pimbi akadakia. "Si wanarudi pale pale? Au hatukurudi pale pale, Bwana Karani?"

Umati wote ukageuka kumtazama Fisi.

"Mlirudi! Mlirudi pale pale!"

"Basi. Ila Mzee asikazwe kama sisi. Sisi wadogo tunaanza kwa kupunguziwa. Mtu mzito kama huyu unampunguziaje kwanza? Yeye aanze kwa kuongezewa asilimia hamsini, ndipo umpunguzie asilimia hamsini. Mara tatu, kwa heshima yake."

Mnajua, yule mwizi hesabu yake ilikuwa ya upande mmoja. Alijua kwamba ukianza kwa kupunguza, mwenye kamba analiwa. Akadhani basi ukianza kwa kuongeza, mwenye kamba anakula. Akahesabu kwa vidole: sitini na nne na nusu yake, tisini na sita. Akafika hapo, mate yakamjaa, akaacha kuhesabu. Kwi kwi kwi!

Akamnong'oneza Tembo sikioni. Sikio la Tembo ni kubwa, kila mtu alisikia. "Kubali, Mzee! Mjinga huyu ametupa maji!"

"Nakubali," Tembo akanguruma.

"Na kitakachobaki mkononi mwa Karani baada ya kukaza," Bi Pimbi akasema, "tugawiwe nyumba ndogo tisa."

"Hakitabaki kitu," akasema Fisi.

"Kweli?"

"Hamsini kwa hamsini, sifuri! Bi Pimbi, gawaneni hiyo sifuri mshibe!"

Wakacheka mpaka Bi Kanga akadondosha unyoya. Tembo akapiga mguu chini kuapa. Puu! Hapo neno limekwisha kuwa sheria.

Fisi akaanza. Kacha, kacha, akatoa kwenye akiba, akafunga thelathini na mawili. Kamba ya Tembo ikawa na tisini na sita, mpaka inaburuta chini. Tembo akainyanyua kwa mkonga, anaona raha.

"Sasa punguza," akasema Bi Pimbi.

Fyu, fyu, fyu. Arobaini na nane.

Tembo akaitazama. "Karani. Mbona imefupika?"

"Tulia, Mzee. Inapanda tena."

Kacha, kacha. Sabini na mawili. "Umeona, Mzee?" Fyu, fyu. Thelathini na sita.

Sasa Fisi hacheki. Kijasho kinamtoka chini ya kalamu. Bi Pimbi ameshika ukuta wa jabali kwa mikono miwili, anajua akianguka sasa hivi watasema ni kichaa na kila kitu kitafutwa.

"Imebaki mara moja, Bwana Karani," akasema. "Ya heshima."

"Mzee, labda tuishie..."

"Funga!" Tembo akafoka. "Funga, irudi juu!"

Kacha, kacha. Hamsini na manne. Fyu, fyu, fyu.

Ishirini na saba.

Kamba ya mkubwa wa chemchemi ilikuwa inaning'inia kama mkia wa mbuzi.

"Na mkononi mwako, Bwana Karani?" akauliza Bi Pimbi. "Yale uliyotoa, ukiondoa yale uliyoongeza? Hesabu kwa sauti."

Fisi akahesabu. Ilibidi aanze tena mara mbili. "Thelathini... na saba."

"Hiyo ndiyo sifuri yetu."

Tembo akasimama. Ardhi ikatikisika. Akanyanyua mguu juu ya Bi Pimbi, kivuli chake kikamfunika yeye, jiwe aliloegemea na kibuyu chake.

"Hesabu hii ni ya uongo!" Tembo akasema.

"Ikiwa ni ya uongo, Mzee," akasema Bi Pimbi toka chini ya ule mguu, "irudishwe. Lakini yako ikirudishwa, na zetu za siku mbili za soko zirudishwe. Saba kila nyumba, nyumba tisa, mafundo sitini na matatu. Ikiwa ni ya kweli, tupe thelathini na saba tu twende zetu. Chagua, kaka."

Tembo akatazama umati. Kobe alikuwa anahesabu kamba yake. Sungura anahesabu. Hata Bi Kanga, mdomo wazi, anahesabu. Tisa, tisa, tisa.

Mguu ukakaa juu, ukakaa juu, kisha ukashuka pembeni polepole.

"Ni ya kweli," akasema Tembo, kama mtu anayemeza mfupa. Kisha akageuka. "Karani! Njoo hapa!"

Karani hakuja. Walichokiona ni vumbi, na kalamu imeanguka njiani.

Wakagawana mafundo manne kila nyumba. Moja likazidi, likawekwa kwa jina la Fisi, akirudi aoshe uso. Bi Pimbi akafika nyumbani na kumi na matatu. Kumi na mawili ya vinywa vinne, na moja la kumkanda mwenye homa. Alilala siku mbili bila kuamka. Baada ya hapo, kila siku ya soko alikwenda na kunde zake mfukoni, na Tembo akimwona alikuwa anatazama upande mwingine.

Ukitajiwa asilimia, uliza kwanza ni asilimia ya kitu gani.

Nimemaliza. Wewe wa nyuma bado umekunja uso? Hamwamini? Vizuri. Kunde hizo hapo kwenye ungo, sitini na nne, nimezihesabu mwenyewe. Ongezeni nusu kutoka kwenye kile kikapu, punguzeni nusu, mara tatu. Mimi nakwenda zangu kupika. Mlango naufunga kwa nje, na atakayegonga kabla ya kufika ishirini na saba, simfungulii.

Ndi!