Tausi wa Kioo cha Sita

Ndugu zangu wa kundi, salamu. Hadithi hii nililetewa jana asubuhi. Nimeisoma mwenyewe, polepole, mpaka mwisho, halafu nikarudi juu nikaisoma tena. Sikumpa mtu anisomee. Naomba na nyinyi msiruke mstari, maana jambo lenyewe liko karibu na mwisho.

Katika mji mmoja wa pwani palikuwa na mama mtu mzima akiitwa Bi Shemsa. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa mbili na kila chumba kimejaa vitu vya zamani. Makasha ya njumu, yaani yale yaliyopambwa kwa misumari ya shaba. Viti vya enzi. Mirashi ya kioo cha rangi, ya kunyunyizia wageni marashi. Picha za kuchorwa kwa rangi ya mafuta, nyingine kubwa kuliko mlango. Alivikusanya kimoja kimoja kwa miaka mingi, mpaka watu wa mbali wakawa wanakuja kupiga hodi ili wavione tu.

Lakini kilichopita vyote kilikuwa kitanda cha besera alichoachiwa na mama mkwe wake. Kwa asiyekijua, ni kitanda kirefu cha nguzo nne, kukipanda mpaka uweke kibao. Hiki kilikuwa na vioo sita, vitatu kichwani na vitatu miguuni. Kila kioo kimechorwa kwa nyuma: waridi, makomamanga, mizabibu, na kwenye kile cha sita, tausi wa buluu. Rangi iko mgongoni mwa kioo, wewe unaiona kwa mbele.

Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na amri moja. Kioo kinafutwa uso, mgongo hauguswi. Na juu ya kioo cha tausi siku zote palining'inia kanga. Watu walidhani ni pambo.

Bi Shemsa hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mpwa wake, Nassor, ambaye akiingia mle ndani macho yake yanatafuta bei. Na alikuwa na fundi wake, Vuai, aliyemtengenezea makasha na viti kwa miaka kumi na tisa. Vuai akishika kitu cha zamani anakishika kama mtoto mwenye homa.

Jumatatu moja Bi Shemsa akamwita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Siyo hapo, hicho hakikaliwi. Kaa kwenye mkeka."

Vuai akakaa.

"Mimi nimezeeka," akasema Bi Shemsa. "Nikifa, Nassor ataviuza hivi vyote kabla matanga hayajaondolewa. Ijumaa baada ya alasiri nimeita watu. Mbele yao nataka kukukabidhi funguo. Uhamie hapa chini na mkeo, uvitunze. Lakini kwanza kuna kazi. Besera inatoa unga. Wadudu wamo ndani ya mbao."

Vuai alishangaa. Miaka yote hiyo hakuruhusiwa hata kulegeza ubao mmoja wa kitanda kile.

"Vioo utavitoa," akasema Bi Shemsa, na sauti yake ilikuwa nzito. "Utaviweka pembeni. Mgongo je?"

"Hauguswi, bibi."

"Haya."

Jumanne Vuai akafungua mbao, akatia dawa. Vioo akavitoa, cha tausi na kanga yake juu ya uso, akavilaza kwenye mkeka, mgongo juu. Jumatano asubuhi akavikuta vimejaa unga wa mbao, na mijusi imeshapita. Akavitazama. Akajiambia, hivi nikivirudisha na uchafu huu, Ijumaa watu watasema huyu ndiye mtunzaji? Akachovya kitambaa kwenye maji, akakikamua, akapitisha taratibu kwenye mgongo wa kioo cha kwanza.

Waridi halikutikisika. Likang'aa.

Akafuta cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Vyote salama. Akafuta cha sita.

Kitambaa kilikuwa cheupe. Alipokiinua kilikuwa buluu.

Kichwa cha tausi hakipo. Shingo haipo. Mkia umebaki nusu, na nusu hiyo inachuruzika kuelekea ukingoni. Vuai alipiga magoti pale pale kwenye mkeka, kitambaa mkononi, na juu ya dari akasikia nyayo za Bi Shemsa, taratibu, zinakwenda dirishani, zinarudi.

"Vuai," sauti ikatoka juu. "Unafuta uso tu?"

"Uso tu, bibi."

Ndivyo uongo ulivyotoka, kabla hajaufikiria.

Akakifunga kile kioo kwenye gunia, akaenda nacho nyumbani. Mkewe, Mize, alikuwa anachambua mchele. Alipoona uso wa mumewe akaweka ungo chini.

"Nani kafa?"

Vuai akafungua gunia.

Mize alitazama muda mrefu. "Rudi ukamwambie. Sasa hivi, kabla viatu havijapoa."

"Nimwambie nini? Miaka kumi na tisa ananiambia neno moja tu, mgongo usiguse. Neno moja, Mize. Keshokutwa ananipa funguo."

"Basi mwambie hilo hilo neno umelivunja."

"Akimpa Nassor je? Vitu vyote vile vitapakiwa kwenye makontena wiki ijayo. Nitakuwa nimeua nyumba nzima kwa kitambaa kimoja."

"Usiisingizie nyumba," akasema Mize. "Unajiogopea mwenyewe."

Vuai akaenda kwenye vifaa vyake. Alikuwa na makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki kazini, na brashi nyembamba ya kuandikia majina kwenye makasha. Akaanza kuchora tausi kwa nyuma, akifuata alama iliyobaki kwenye kioo. Kichwa, shingo, mkia. Mwisho akatia jicho. Akageuza kioo atazame.

Tausi hana jicho. Lipo kwa nyuma, limefunikwa na buluu ya kichwa.

Hapo ndipo alipofahamu kwamba kioo kinachorwa kinyume. Kinachoonekana juu ndicho kinachoanza, unatia jicho kwanza, kichwa kinafuata. Akafuta yote kwa mafuta ya taa. Akaanza tena, na safari hii akaanza na jicho, tone dogo jeusi katikati ya kioo kitupu, linamwangalia peke yake.

Alhamisi mchana vioo vyote sita vikarudi mahali pake. Vuai akarudisha na ile kanga. Bi Shemsa akashuka na bakora yake. Alipita kwa waridi, kwa makomamanga, kwa mizabibu, hakusimama. Alipofika kwa tausi akainua kanga, akasimama.

 Pua ya Vuai ilisikia harufu ya rangi, akaona haiwezekani mtu mwingine asiisikie.

"Kimetakata," akasema Bi Shemsa.

"Ndiyo, bibi."

"Ulifuta uso tu?"

"Uso tu."

Akaishusha kanga, akaenda zake. 

Siku ile Vuai hakula. Kila mtu aliyepita njiani akicheka, alidhani anachekwa yeye. Kile kitambaa cha buluu alishindwa kukitupa. Alikitia jaani, akarudi kukichukua, akakitia mfukoni.

Ijumaa ikafika. Chumba kikajaa. Wazee wa mtaa, majirani, Mize karibu na mlango, na Nassor ameegemea kasha amekunja mikono.

"Haya mambo," Nassor akasema, kwa sauti ya kusikiwa. "Fundi misumari leo anarithi viti vya enzi. Vuai, kiti chenyewe unajua kinakaliwa upande gani?"

Wengine wakacheka kidogo. Vuai hakuinua macho.

Bi Shemsa akaweka mezani pete kubwa ya funguo. 

"Vuai," akasema. "Kabla hujazichukua, nina swali moja. Katika nyumba hii, kuna kitu ambacho hakiko kama nilivyokuachia?"

Vuai alizitazama funguo. Zilikuwa karibu, kunyoosha mkono tu. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Hakuna. Angelisema, angeondoka nazo. Kisha akaiona ile kanga kwa pembe ya jicho, akajiona yeye miaka ijayo, mlinzi wa kanga, kila mgeni akisogea roho inamruka.

Akatia mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakiweka mezani kando ya funguo.

"Kipo, bibi. Tausi. Niligusa mgongo wa kioo, akatoka. Huyo unayemwona nimemchora mimi, na nimekudanganya mara mbili. Nisamehe. Funguo mpe unayemtaka, lakini nakuomba usiache vitu hivi viuzwe kwa ajili ya kosa langu."

"Nilisema mimi," akasema Nassor. "Nilisema."

"Nyamaza, Nassor," akasema Bi Shemsa.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akavuta kiti cha enzi, kile kisichokaliwa, akakikalia.

"Ulitumia nini? Maji?"

"Maji tu, bibi."

"Na vioo vingine vitano ulivifuta hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

"Mbona havikutoka?"

 Vuai hakuwahi kujiuliza.

"Havikutoka kwa sababu vilichorwa kwa rangi ya mafuta na fundi aliyekitengeneza kitanda," akasema Bi Shemsa. "Tausi nilimchora mimi. Kwa rangi za maji za watoto wa shule."

Akaitazama ile kanga, akaendelea.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwali aliyeolewa karibuni katika nyumba hii. Mama mkwe alisafiri, nikataka arudi akute besera inang'aa. Nikafuta mgongo, nikaubandua ukucha wa tausi, nikazidi kusugua, akatoka mzima. Nikachora mwingine nikiwa nalia. Nikaanza na kichwa, jicho nikatia mwisho."

Vuai akainua uso.

"Ndiyo," akasema Bi Shemsa. "Tausi wangu hakuwa na jicho. Miaka arobaini na minane hakuwa na jicho, na hakuna aliyejua, kwa sababu nilimtundikia kanga. Jana nilipoifunua, akaniangalia."

Mize akaziba mdomo kwa mtandio.

"Ile amri ya mgongo usiguswe, niliitunga mimi. Vitu hivi vyote mnavyovisifu, cha kwanza nilikinunua ili mgeni akiingia macho yake yapate pa kwenda. Nikanunua cha pili. Nikashindwa kuacha. Dada yangu yuko Mafia, ameoza watoto watano, sikuhudhuria hata harusi moja, naogopa nikitoka mtu atafuta mgongo wa kioo. Mama mkwe alikufa ananisifu kwa utunzaji. Sifa ile sijaimeza mpaka leo."

Nassor akacheka. "Kumbe jumba zima ni la tausi wa bandia."

"Ndiyo, baba," akamjibu Bi Shemsa taratibu. "Na wewe ulitaka kumuuza kama wa kweli."

Akamgeukia Vuai. "Ungesema hakuna, ningezirudisha funguo mfukoni. Siyo kwa hasira. Kwa huruma. Mimi nayajua maisha ya mtu huyo ndani ya nyumba hii."

Akazisukuma funguo kwa ncha ya bakora mpaka zikagusa mkono wa Vuai.

"Nimfute tausi, bibi?" Vuai akauliza. "Tutafute fundi amrudishe vizuri?"

"Mwache na jicho lake. Akiulizwa mtu, aambiwe nani kamchora, na kwa nini."

Kisha akainuka, akaenda kitandani, akaitoa kanga. Aliitikisa vumbi, akajitanda nayo. Jumapili alionekana bandarini nayo begani, na mkoba mdogo, anaulizia chombo cha Mafia. Walioongea naye wanasema alifunga safari kama msichana, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Wanangu na ndugu zangu, mimi nilipofika hapo niliweka simu chini nikakaa. Kila mmoja wetu ana pahali alipotundika kanga. Ukimjua mtu ambaye siku hizi halali vizuri, mpelekee hii, usimuulize kitu.

Funzo: Kosa ulilolisema linaumiza siku moja, lakini kosa ulilolificha linakufanya mlinzi wake maisha yako yote.