Kapu la Uhai na Kapu la Chuma

Palikuwa na Tabibu Mkuu, Bwana Nasoro Mbamba, aliyelinda mlango wa chuo cha tiba kuliko kufuli lake. Kila aliyetaka kuingia alileta vyeti vya masomo yake, naye akavigawa katika makapu mawili: la uhai na la chuma. Aliyejaza la uhai aliingia. Aliyejaza la chuma alikwenda zake, asirudi tena maishani.

Siku hiyo Sultani alikuwapo, maana jongo, ugonjwa wa viungo, lilimsumbua mguu. Tabibu aliupakata mguu wa Sultani, akaukanda kwa mkono mmoja na kugawa vyeti kwa mwingine.

Akaingia Mwanasiti binti Shee, aliyesomea uhandisi. Tangu moyo wa mama yake ulipochoka ghafla, hakutaka kazi nyingine ila tiba.

"Cheti hiki cha nini?"

"Mwendo wa damu mishipani, Bwana Tabibu."

"Ulisomea wapi?"

"Chuo cha wahandisi."

"Chuma!" Cheti kikaruka kapuni. "Na hiki?"

"Jinsi mfupa unavyobeba mzigo, na unavyovunjika."

"Wapi?"

"Palepale."

"Chuma!"

"Bwana, umeona wapi mfupa wa chuma?"

Watu waliokuwapo wakajikohoza kuficha kicheko. Tabibu akawaka.

"Sikiliza, binti. Somo ni la nyumba lilimofundishwa. Likifundishwa jikoni, ni upishi!"

"Hata mwalimu akiwa tabibu?"

"Hata akiwa mimi!"

"Na sheria hii ni ya sisi waombaji tu?"

"Ya kila mtu. Maulana ni shahidi."

Sultani akatikisa kichwa kukubali. Mwanasiti akakumbuka kisa ambacho babu yake alikisimulia kila Idi, mpaka watoto wa nyumbani wakawa wanakimalizia wenyewe.

"Basi ule mwaka wa mafuriko, chuo hiki kilipojaa maji mpaka madirishani, wewe Bwana Tabibu ulisomea wapi?"

Mkono uliokuwa ukikanda ukasita.

"Pale... upande wa pili."

"Wa nini?"

"Wa ua."

"Babu yangu ndiye aliyekuwa akiwafagilia. Mlikalia majani makavu mwaka mzima, na wenye majani wakiwapumulia visogoni. Zizi la punda wako, Maulana."

Sultani akauvuta mguu wake taratibu, akauficha chini ya joho.

"Nasoro," akasema, "kumbe miaka yote hii nakandwa na tabibu wa punda..."

"Maulana, tulisoma tiba! Tiba ya watu! Somo hutazamwa lilivyo, si lilikofundishwa!" Akalipindua kapu la chuma, vyeti vya Mwanasiti vyote vikamwagikia katika kapu la uhai. "Huyu binti ameingia. Ameingia!"

Sultani akautazama mguu wake, kisha akamtazama Mwanasiti.

"Unasemaje, binti Shee? Nimrudishie mguu?"

"Mrudishie tu, Maulana. Ila akianza kukukagua meno, piga kelele."